Dawa ya ukoma ni bure, mbona ilimchelewea mama mkubwa?

Msomaji wa Liwale, mkoani Lindi, ameandika:

"Shikamoo daktari. Mama yangu mkubwa ana miaka 52, analima korosho na ufuta. Mwezi uliopita hospitali ya wilaya walimwambia ana ukoma na akaanza dawa. Mabaka aliyaona tangu miaka kama minne iliyopita. Zahanati ya kijiji ilimpa dawa ya fangasi mara mbili, mganga naye akamchanja. Sasa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha pete, vimejikunja, na ana kidonda kwenye unyayo kisichomuuma. Tunasikia kila mwaka redioni kwamba dawa ni bure na ugonjwa unapona. Kama ni hivyo, imekuwaje afike hapa? Je, tumtengee vyombo? Yupo pia mjukuu wake wa miaka tisa anayelala naye, ana baka dogo mgongoni, lakini haliwashi wala halimsumbui."

Marahaba, mwanangu. Mpe pole sana mama mkubwa.

Nianze na vyombo, maana jambo hilo laweza kumuumiza leo hii. Msimtengee sahani, kikombe wala mkeka. Ukoma hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono. Vijidudu vyake hutoka kwa njia ya hewa, puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye bado hajaanza dawa, na humwingia mtu aliyeishi naye karibu kwa muda mrefu. Hata hivyo watu wengi, wanakadiriwa kufika 95 katika kila 100, wana kinga ya asili na hawaugui kabisa. Mama mkubwa ameshaanza kumeza dawa, na mtu akianza dawa, uwezo wake wa kuambukiza hukatika baada ya siku chache. Kama kuna aliyeambukizwa hapo nyumbani, ilitokea miaka ile minne ya mafuta ya fangasi, wakati mnakula wote sinia moja bila wasiwasi.

Sasa vidole. Kijidudu cha ukoma, ambacho daktari wa Norway aitwaye Gerhard Armauer Hansen alikitambua mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi: ngozi, pua, na mishipa ya fahamu inayopita karibu na ngozi. Unaujua ule mshipa wa kwenye kiwiko ambao ukiugonga mezani mkono mzima unapigwa shoti? Huo ndio unaotawala kidole cha mwisho na cha pete. Ukiharibika, vidole hivyo viwili ndivyo hujikunja kwanza, kama ulivyoeleza. Upo mwingine nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, unaoupa unyayo hisia. Ukifa huo, mtu anakanyaga kisiki cha muhogo na kuendelea na safari. Watu husema vidole vya mwenye ukoma vinadondoka. Havidondoki. Vinaungua kwenye sufuria, vinakatwa na jembe, vinatiwa usaha, mfupa unaliwa kidogo kidogo, na mwenyewe hasikii kitu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kubwa. Nimeratibu huduma za kifua kikuu na ukoma katika wilaya za kusini kwa miaka mingi, na nikiulizwa kizuizi cha kwanza ni nini, sisemi umbali wala umaskini, ingawa vyote vipo. Nasema ukoma hauumi. Kisichouma hakimpandishi mtu bodaboda.

Fikiria mwaka wa mama mkubwa ulivyo. Mvua zinaanza Desemba, barabara za kwenu zinageuka tope, na ni wakati wa kulima na kupalilia. Mvua zikiisha, ufuta unakatwa na kufungwa vicha. Kisha ni kupulizia salfa mikorosho, halafu kuokota korosho mpaka mvua nyingine zinakuta magunia hayajafika mnadani. Kwenda hospitali ya wilaya ni nauli ya kwenda na kurudi, ni siku moja au mbili za kazi, ni chakula cha njiani, na mara nyingi ni mtu wa kumsindikiza ambaye naye anaacha shamba lake. Homa ya mtoto inastahili gharama hiyo, uchungu wa uzazi unastahili. Baka lisilowasha litasubiri mavuno. Mavuno yakifika kuna ada na sare za shule, na baka linasubiri tena. Mama mkubwa hakuwa mzembe. Alipanga matumizi kama kila mama wa kijijini anavyopanga, na ugonjwa huu umeumbwa kupita katikati ya mpango wa namna hiyo.

Ongeza na ukimya wake. Tangu kijidudu kiingie mwilini mpaka baka litokee hupita wastani wa miaka mitano, na kwa wengine hata ishirini. Kwa hiyo msihangaike kumtafuta aliyemwambukiza, wala msikubali mtu awatajie jirani aliyemtupia. Kwa mganga nisimlaumu sana mama mkubwa: alikwenda alikosikilizwa. Mganga yupo kitongojini, anapokea kuku badala ya fedha taslimu, na anamgusa mgonjwa.

Lakini barua yako imesema neno lililonichoma zaidi ya hayo. Alifika zahanati, tena mara mbili. Alifanya alilotakiwa kufanya, na akapewa mafuta ya fangasi.

Kupima baka kwa ukoma hakuhitaji umeme wala maabara. Kunahitaji kipande cha pamba na dakika mbili. Baka lenye rangi iliyopauka au nyekundu kidogo, lisilohisi pamba, ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo. Fangasi huwasha, mba huwa na magamba, mbalanga huwa nyeupe kabisa lakini huhisi. Kwa nini basi mtu aliyesoma miaka mitatu asichukue pamba?

Historia yake ni hii. Mwaka 1991 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2000 kila nchi iwe na mgonjwa pungufu ya mmoja katika kila watu 10,000. Tanzania ilifikia kiwango hicho mwaka 2006. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa na watu waliotembea kwa baiskeli vijiji kwa vijiji, na ninaiheshimu. Lakini hesabu ile ilihesabu watu walio kwenye dawa wakati huo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 muda wa dawa kwa wagonjwa wenye mabaka mengi ulipunguzwa kutoka miezi 24 hadi 12. Ukipunguza muda, daftari linapungua hata kama wagonjwa wapya wanaingia kama zamani. Halafu likaja neno. Kitaalamu ilimaanishwa kwamba ukoma si tatizo kubwa tena la afya ya jamii; kwa Kiswahili cha redioni ikawa "ukoma umetokomezwa". Mtu akisikia umetokomezwa anaelewa umekwisha.

Haukwisha. Tanzania bado inagundua wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na dunia nzima mwaka 2023 ilipata zaidi ya 180,000. Ila wametawanyika. Zahanati moja inaweza kukaa miaka bila kumwona hata mmoja. Muuguzi aliyehitimu juzi alifundishwa ukoma kwa picha, akapangiwa kazi peke yake kwenye zahanati yenye chanjo, kliniki ya wajawazito, malaria na daftari kumi na kitu za kujaza. Akiliona baka anaona kilicho kingi. Simtetei, kwa sababu mama mkubwa amepoteza nguvu ya vidole viwili, lakini nataka uelewe kwamba kumgombeza yule kijana hakutamwokoa mgonjwa wa mwakani. Mafunzo ya siku moja wilayani, yenye mgonjwa wa kweli aliyeridhia na pamba mkononi, yangemwokoa. Ningepewa fedha za jambo moja tu, ningezipeleka huko kabla ya kununua gari lolote.

Kuna na hofu, ambayo hujaiandika lakini naisikia unapouliza habari za vyombo. Wazee wetu wanakumbuka makazi. Kindwitwi kule Rufiji, Nunge pale Kigamboni, na mengine mengi nchini, yalikuwa mahali ambapo mwenye ukoma alipelekwa, akazeekea huko, na wengine wakazikwa huko. Wapo waliolelewa humo kwa upendo mkubwa, hilo ni kweli. Lakini kijijini kumbukumbu iliyobaki ni moja: ukijulikana, unaondoka. Hata lugha ilibeba hukumu hiyo. Tuliita jedhamu, tuliita matana, tukamwita mtu "mkoma" kana kwamba ugonjwa umekula jina lake. Nakuomba nyumbani kwenu neno hilo lisitajwe. Mama mkubwa ni mama mkubwa, na ana ukoma unaotibika.

Kwa wanawake hofu hiyo ina bei kubwa zaidi. Nimewaona wanaoficha baka chini ya khanga kwa miaka kwa kuogopa talaka, na wanaohitaji ruhusa na fedha za mume ili wafike kituoni, huku mume ndiye hasa asiyetakiwa kujua. Sisi watumishi nasi tumekosea hapa. Tulikuwa tukifika uani kwa mtu na pikipiki yenye maandishi ya mpango wa ukoma ubavuni, tukiamini tunaleta huduma, na tulipoondoka kijiji kizima kilikuwa kimeshajua. Siku hizi panapofanyika kambi ya uchunguzi wa magonjwa ya ngozi kwa watu wote, mwenye upele, mwenye fangasi na mwenye ukoma wanapanga foleni moja, na hakuna anayenyooshewa kidole. Mtindo huo umejaribiwa Tanzania, Msumbiji na Ethiopia, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote.

Sasa nije kwenye kipindi mlichomo, kwa sababu vizuizi haviishi siku ya kupewa dawa. Mama mkubwa atakuwa amepewa pakiti za siku 28: siku ya kwanza anameza vidonge vingi mbele ya mhudumu, kisha kila siku nyumbani. Ni mchanganyiko wa dawa tatu, rifampisini, dapsoni na klofazimini, na kwa mwenye mabaka zaidi ya matano ni pakiti 12. Tangu mwaka 1995 dawa hizi zinatolewa bure duniani kote. Kila pakiti lakini ni safari moja. Ombeni dawa zihamishiwe zahanati ya karibu, na kama mvua zitawafungia, mwelezeni mapema mratibu wa ukoma wa wilaya. Inaruhusiwa kupewa pakiti zaidi ya moja ikiwa yupo mtu nyumbani wa kusimamia umezaji. Mtu huyo na uwe wewe.

Mwambie leo mambo mawili kabla hayajamtisha. Siku ya vidonge vingi mkojo wake utakuwa mwekundu kama chai ya rangi. Si damu, ni rangi ya rifampisini. Na kwa kadiri miezi inavyokwenda ngozi yake itaiva na kuwa nyeusi zaidi kwa sababu ya klofazimini. Rangi yake ya kawaida hurudi taratibu baada ya kumaliza. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuwepo mama aliyeacha dawa mwezi wa kwanza kwa kuuona mkojo ule. Alidhani tumbo limekatika. Nilikuwa sijamwambia, na aliporudi mguu wake mmoja ulikuwa unaburuza vidole chini. Tangu siku hiyo sijampa mtu pakiti bila kuzungumzia mkojo kwanza.

La tatu ni zito zaidi. Wakati wowote, katikati ya dawa au hata baada ya kumaliza, kinga ya mwili inaweza kucharuka. Mabaka yanavimba na kuwa mekundu, vinatokea vinundu vyenye maumivu na homa, mshipa wa kiwiko au wa mguu unauma, au mkono unaishiwa nguvu ghafla. Wengi husema dawa imemdhuru, wanaitupa. Dawa haijamdhuru na haitakiwi kuachwa. Kinachotakiwa ni kufika hospitali siku hiyo au kesho yake ili apewe prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga iliyocharuka, chini ya uangalizi, maana mshipa uliozimika kwa muda usiofika miezi sita unaweza kurudi, na uliokaa zaidi ya hapo kwa kawaida haurudi. Hili ndilo pengo linaloniudhi katika huduma zetu: pakiti za ukoma zinaweza kufika hadi zahanati, lakini dawa ya kuokoa mshipa na mtu mwenye uhakika wa kuitoa wako hospitali ya wilaya, kilomita nyingi kutoka kwa mgonjwa. Vidole vile viwili vilianza kujikunja lini? Kama ni chini ya nusu mwaka, usingoje tarehe ya pakiti. Mpeleke, useme wazi kwamba udhaifu wa mkono ni wa karibuni. Kama ni zamani, bado upo upasuaji wa kuhamisha kano unaoweza kumrudishia mshiko, katika hospitali kubwa zenye wataalamu wa mikono, baada ya tiba kutulia. Na akibabuka ngozi, akawa na macho ya njano au akahema kwa kuishiwa damu, hiyo nayo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Kidonda cha mguu kinahitaji uvumilivu kuliko dawa. Kinapona kwa kutokanyagiwa. Asafishe, afunge kitambaa safi, akae chini kadiri inavyowezekana, na wanaobaki shambani wajue kwamba kukaa kwake ndiyo tiba. Kikishapona, kila jioni aloweke miguu kwenye maji ya kawaida, yasiyo ya moto, kwa nusu saa, asugue taratibu sehemu ngumu, apake mafuta yoyote ya kupikia au ya kujipaka wakati ngozi bado mbichi. Kisha wewe au mjukuu mtazame nyayo na viganja kwa taa, mkitafuta jeraha ambalo yeye hawezi kulihisi. Sufuria aishike kwa kitambaa. Mpini wa jembe uvishwe mpira wa baiskeli.

Viatu viwe vigumu chini na laini ndani, vyenye mkanda wa nyuma. Kandambili haifai: mguu usio na hisia hauishiki, na mwiba unapenya. Zamani tuligawa viatu maalumu vya wagonjwa wa ukoma, vimeshonwa vizuri, na tukashangaa kuviona vimefichwa darini. Kuvivaa kulikuwa ni kujitangaza. Fundi wa makatambuga pale mjini anaweza kukata soli ya tairi, akabandika sponji nene ndani bila kugongelea misumari, na kikafanana na cha kila mtu.

Dawa ni bure, ila bandeji, viatu, nauli na siku za kukaa chini si bure, na hapo kaya nyingi huanguka. Ulemavu wa mkono unamwingiza mama mkubwa katika kundi la watu wenye ulemavu linalotengewa asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kama mikopo isiyo na riba. Onana na ofisa maendeleo ya jamii wa kata, aombe kwa haki yake.

Wilaya yenu ina bahati moja ambayo huenda hamkuijua. Liwale, pamoja na Nanyumbu na Kilombero, ilikuwa sehemu ya mradi wa nchi nane, kuanzia mwaka 2015, wa kuwapa waliokaa karibu na mgonjwa dozi moja ya rifampisini ya kuzuia ukoma. Katika nchi zote watu wapatao 150,000 walimezeshwa. Utafiti wa awali huko Bangladesh ulionyesha dozi hiyo moja inapunguza ukoma kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya mwanzo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mratibu wenu anaijua. Muulizeni kwa ajili ya nyumba nzima, ila kwa ridhaa ya mama mkubwa, kwa sababu siri ya ugonjwa ni yake. Mwenye kikohozi cha muda mrefu apimwe kifua kikuu kwanza, mjamzito asubiri, na mwenye baka lolote asimeze dozi ya kuzuia mpaka achunguzwe, maana huyo huenda anahitaji tiba kamili.

Ndiyo maana narudi kwa mjukuu, uliyemtaja mwisho kana kwamba ni jambo dogo. "Haliwashi wala halimsumbui." Maneno hayo ndiyo aliyoyasema mama mkubwa miaka minne iliyopita. Kaa na mtoto mahali penye mwanga. Sokota pamba iwe na ncha. Mguse kwanza mkononi huku anaona, ili ajue mchezo ulivyo. Kisha afumbe macho, umguse ngozi nzima na baka kwa kubadilisha badilisha, naye aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Asipoonyesha kwenye baka, umejua. Akionyesha kila mara, bado mpeleke, tena wiki hii, hata kama korosho ziko chini. Na mkifika zahanati, kabla mhudumu hajashika kalamu, mwambie hivi: "Mtoto huyu ana baka, na analala na bibi yake aliyeanza dawa za ukoma mwezi uliopita."